Mwanasesere wa zawadi: felti, kitenge au kroshia?

Kila mwaka Oktoba ikikaribia kwisha, dada zangu huanza kuniuliza: "Mwaka huu unatushonea nani?" Wanauliza "nani" kwa sababu wanasesere wangu ni watu: shosho aliyejitanda leso, binamu mwenye sare ya shule na soksi moja iliyoteremka, Sungura wa hadithi na fulana yake ya mistari. Wote nawashona kwa mkono, bila cherehani, ili tukienda ushago Desemba kila mtu apate wake.

Nilianza na felti, nikaingia kwenye kitenge, kisha nikajifunza kroshia. Anayetaka kuanza huniuliza ni ipi iliyo bora, nami humrudishia swali: unamshonea nani? Mtoto wa miezi kumi anayetia kila kitu mdomoni, msichana wa miaka 8 anayelala na mwanasesere wake, na shangazi atakayemweka juu ya kabati la vyombo hawahitaji kitu kimoja. Kwa hiyo hapa chini nimezipima njia hizo tatu kwa mambo matano: vifaa, muda na ugumu wa kazi, sura, kufua, na usalama wa mtoto. Kwenye kufua nitakawia, kwa sababu nimeona zawadi nyingi za mkono zikiharibikia ndani ya beseni.

Tofauti yake hasa ni nini

Kitenge ni pamba iliyofumwa kwa mtande na mshindo, nyuzi za urefu na nyuzi za upana zikipishana. Ukikikata, ukingo huanza kufumuka. Felti haikufumwa. Ile ya asili hutengenezwa kwa sufu ya kondoo inayosuguliwa kwa maji moto na sabuni hadi nywele zake zing'ang'aniane. Ile rahisi tunayoikuta madukani mara nyingi ni ya poliesta, imeshikanishwa kwa kuchomwachomwa na sindano zenye meno kiwandani. Kwa kuwa haina mtande wala mshindo, unaikata upendavyo na ukingo unabaki vilevile, bila kupinda. Uzuri wote wa felti umeanzia hapo, na udhaifu wake pia, kama utakavyoona tukifika kwenye kufua.

Kroshia haikatwi kabisa. Ni uzi mmoja na sindano yenye ndoano. Wanasesere wa kroshia wanajulikana hata hapa kwa jina la Kijapani, amigurumi. Unaanza na kiduara cha vifundo 6, mzunguko unaofuata unakuwa 12, halafu 18, halafu 24, mpaka kichwa kifikie upana unaoutaka, kisha unapunguza vivyo hivyo kurudi chini.

Vifaa na mahali pa kuvipata

Felti huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya kazi za mikono na baadhi ya maduka ya vitabu mjini, mara nyingi kwa karatasi za ukubwa wa A4. Siku ya kwanza nilipoenda kununua, kijana wa dukani aliniuliza, "Anti, unataka ngumu ama laini?" Nikamwambia ni ya kushona mdoli. "Basi chukua laini. Hiyo ngumu ni ya mapambo." Alikuwa sahihi. Felti ngumu inasimama vizuri ikiwa kofia au bawa, lakini sindano hupita kwa shida na tundu linabaki wazi. Mwili utake laini.

Mwanasesere wa sentimita 20 atakula karatasi mbili za rangi ya mwili, na karatasi moja moja za nywele, nguo na viatu. Gharama ya felti ni rangi: hata ukihitaji kipande cha ukubwa wa ukucha kwa ajili ya ulimi, utanunua karatasi nzima nyekundu. Anayeshona mmoja tu anaona ghali. Anayeshona sita anaona nafuu, maana vipande vya yule wa kwanza vinawavisha wengine.

Kitenge ndicho nafuu kuliko vyote ukimjua fundi wa mtaani kwenu. Nenda jioni anapofagia, umwombe vipande anavyotupa. Ukitaka kununua, hapa Nairobi kuna Biashara Street na Eastleigh. Upana wake ni kama inchi 45, kwa hiyo yadi moja inatosha kuvalisha ukoo mzima wa wanasesere. Kwa ngozi tafuta merikani au shuka kuukuu la pamba lisilo na maua.

Uzi wa kroshia huuzwa kwa mabunda, na mwingi ni akriliki. Bunda la gramu 50 linatosha mwanasesere mdogo wa sentimita 15, ukiongeza mabaki ya rangi nyingine. Nunua sindano ya milimita 2.5 au 3, hata kama karatasi ya bunda inapendekeza kubwa zaidi. Ukitumia sindano kubwa, vifundo vitalegea na pamba ya ndani itachungulia.

Wote watatu wanajazwa kwa pamba ya mito, ile ya poliesta. Mimi hununua mto wa mitumba Gikomba au Toi, naupasua, naifua pamba yake kwa sabuni na kuianika juani kabla ya kuitumia. Usijaze uso kwa mabaki ya vitambaa. Utatoka na vinundu kama mtu aliyeumwa na nyuki.

Muda na ugumu

Kwa mtu asiyewahi kushika sindano, felti ndiyo yenye huruma zaidi. Unachora kiolezo kwenye karatasi, unakata vipande viwili, unavilaza mgongo kwa mgongo na kushona ukingoni kwa nje. Hakuna kugeuza. Jioni mbili zinatosha, ya tatu iwe ya uso. Uzi wa kutarizi unakuja na nyuzi sita zilizosokotwa pamoja. Zitenganishe, utumie mbili au tatu.

Mshono unaofaa ni ule wa blanketi. Chomeka sindano milimita 3 kutoka ukingoni, na kabla hujaivuta hadi mwisho, ipitishe ndani ya kitanzi cha uzi, ndipo uvute. Uzi utalala juu ya ukingo kama uzio mdogo. Nafasi kati ya mshono na mshono zikilingana, hata felti ya bei ya chini inapendeza. Zikiwa ovyo, kila mtu ataona, kwa sababu mshono wenyewe ndio pambo. Na felti nyeusi ishone mchana. Usiku, chini ya balbu moja, uzi mweusi juu ya felti nyeusi hauonekani, na nimefumua kazi nyingi asubuhi kwa sababu hiyo.

Kitenge kinataka subira ya namna nyingine. Lazima uache milimita 6 au 7 za mshono kuzunguka kiolezo, upige bandi kwanza (mishono mirefu ya muda ya kushikiza), ushone kwa mshono wa kurudi nyuma, ukate mikato midogo kwenye kona, ndipo ugeuze ndani nje. Mkono wa mwanasesere ukiwa mwembamba kuliko kidole chako, hutaweza kuugeuza, hata ukisukuma kwa nyuma ya penseli. Kwa hiyo chora mikono minene. Kwa sindano ya mkono pekee, hesabu jioni nne.

Kroshia ndiyo ngumu zaidi kujifunza. Wiki ya kwanza vidole vinakataa, na kile kiduara cha vifundo sita kinakutoka kila mara. Lakini ukishaishika, ina mambo mawili ambayo nyingine hazina. La kwanza, kosa halikugharimu kitu: unafumua, uzi ni uleule, unaanza tena, ilhali felti uliyoikata vibaya haiungiki. La pili, unaweza kuifanyia popote. Nimemaliza kichwa kizima cha tembo ndani ya matatu iliyokwama Thika Road, mkoba mapajani, nikihesabu vifundo kimyakimya. Mkasi na pini huwezi kuvitoa ndani ya gari linaloruka matuta. Tahadhari ni kuhesabu tu. Ukipoteza hesabu kwenye mzunguko mmoja, kichwa kinaelemea upande, na utagundua umeshapita mizunguko mitano.

Sura

Ukitaka mwanasesere afanane na mtu fulani, felti ina uwezo mkubwa. Unaweza kukata mwanya wa meno, pindo la leso, kola ya shati la polisi, miwani. Kila kitu ni kipande bapa unachokibandika juu ya kingine kwa mshono. Shosho niliyemshonea mama yangu alitambuliwa na wajukuu wote kabla sijasema ni nani, kwa sababu ya kitu kimoja tu: sweta ya kahawia yenye kifungo cha juu kilichotofautiana na vingine, kama ile aliyokuwa akiivaa.

Tatizo la felti ni ngozi. Karatasi zinazoitwa "rangi ya ngozi" mara nyingi ni za waridi hafifu, na kahawia unayoipata ni moja au mbili. Kitambaa cha pamba hukupa uhuru zaidi: chemsha majani mengi ya chai, chuja, loweka merikani iliyokwisha kufuliwa, na uitoe baada ya dakika kumi, ishirini au arobaini, kulingana na ngozi unayoitaka. Ukiloweka vipande vitatu na kuvitoa kwa zamu, unapata baba, mama na mtoto wa rangi tatu zilizo za ukoo mmoja. Usijaribu hivyo kwa felti ya poliesta, kwa maana haishiki rangi ya chai. Nywele za kipilipili kwa wote wawili hutoka vizuri kwa mafundo madogo ya uzi mweusi yaliyosongamana, ingawa yanakula usiku mzima.

Kitenge kina jambo lingine ambalo siwezi kulipima kwa sentimita. Kitambaa chenyewe kinaweza kuwa cha mtu. Jirani yangu aliniletea kipande cha gauni alilovaa marehemu mama yake siku ya harusi ya mwisho aliyohudhuria, akaniomba nimshonee binti yake mwanasesere. Sikuhitaji kuhangaika na sura. Nilitarizi macho mawili na mdomo mdogo, gauni likasema yaliyobaki.

Kroshia hupenda umbo la mviringo: tembo, kondoo, Sungura, kuku wa shosho. Mashavu yanakuja yenyewe. Nyuso za watu zinawezekana, lakini zinafanana zote, na kutarizi tabasamu juu ya vifundo vyenye matundu ni kazi ya mkono uliozoea. Rangi za uzi ni nyingi, kahawia zikiwemo.

Kufua

Nilimshonea mtoto wa dada yangu simba wa felti alipotimiza miaka miwili. Nilikata vipande 34 vya manyoya ya shingoni, kimoja kimoja, nikavipanga kwa safu mbili. Mwezi mmoja baadaye nilimkuta kwenye kamba ya nguo. Alikuwa amefuliwa pamoja na soksi, kwa maji moto na sabuni ya mche, akafikichwa vizuri kama nguo yoyote inavyofikichwa. Mwili mzima ulikuwa umetoa vipunje, manyoya yamejikunja, na sikio moja lilikuwa limechomoka na kipande cha kichwa. Uzi wangu haukukatika. Felti yenyewe ndiyo iliyokatika, kando ya matundu ya sindano, kama mkate. Aliyefua hakukosea. Nguo za mtoto hapa kwetu hufuliwa hivyo, na mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo kabla ya kuchagua kitambaa.

Felti basi haifikichwi. Ikichafuka, ifute kwa kitambaa chenye unyevu. Ikibidi kabisa, itumbukize kwenye maji baridi yenye sabuni kidogo, uikandamize ndani ya taulo, usiikamue. Felti ya sufu ukiitia maji moto hunywea na kuwa ngumu. Ya poliesta huharibiwa na pasi ya moto, kwa hiyo weka kitambaa juu yake na upige pasi vuguvugu.

Kitenge kinastahimili beseni na mkono wenye nguvu, mradi ukifue kabla ya kukikata. Kikiwa kipya hunywea kidogo, na nyekundu na buluu huweza kuchuja. Kijaribu kwa kitambaa cheupe kilicholowa: kisugue kwenye kona, na ukiona rangi, fua tena. Nilipuuza hilo mara moja, na uso wa merikani ukatoka na madoa ya waridi ambayo hayakutoka tena.

Kroshia ya akriliki inafulika bila shida, kwa maji ya baridi au vuguvugu. Kuikausha ndiyo kazi. Ukimning'iniza Sungura kwa masikio akiwa amejaa maji, masikio yatafika magotini.

Na wote watatu wana adui mmoja Nairobi: baridi ya mwezi wa saba. Nje wanaonekana wamekauka, ndani pamba ina maji, na siku ya tatu wananuka. Fua asubuhi ya siku yenye jua. Watie kwenye wavu wa vitunguu na utundike wavu wenyewe kwenye kamba, ili uzito usivute kiungo chochote na upepo upite pande zote. Kama ni baridi, usimfue. Subiri.

Usalama

Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, usitumie vifungo, shanga wala macho ya plastiki, hata yale yanayofungwa kwa nyuma, kwa sababu kwenye kroshia yanaweza kuchomoka na kupita kati ya vifundo. Tarizi macho kwa uzi. Kipimo rahisi cha nyumbani ni kile kiini cha karatasi ya choo: kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto. Utepe mrefu shingoni usiwepo.

Felti ina hatari yake ya ziada. Mtoto anayetafuna huilowesha, ikalainika, akang'oa kipande. Vipande vilivyobandikwa kwa gundi ndivyo vibaya zaidi. Kitenge, kikishonwa mara mbili kwenye mshono, ndicho kinachonipa usingizi. Kroshia iliyokazwa sawasawa inafuata kwa karibu.

Na jambo moja kwa wote: hesabu pini. Mimi huanza na 12 kwenye kisahani, na sifungi tundu la mwisho la kujazia pamba kabla sijaziona zote 12 zimerudi.

Kwa hali yako

Kama mtoto hajafika miaka 3, shona kitenge na merikani, au kroshia ya umbo rahisi kama kuku. Mwambie mzazi anaweza kumfua pamoja na nguo nyingine.

Kama zimebaki siku kumi kabla ya sherehe na hujawahi kushona, chukua felti laini, chagua mwanasesere mmoja, rangi tatu, basi. Usianze kroshia kwa haraka.

Kama siku zako zinaishia barabarani au kwenye foleni, kroshia itakusubiri mkobani. Anza Agosti ikiwa ni ya Krismasi.

Kama unamshonea mtoto wa miaka 6 hadi 10 anayependa kuvisha na kuvua, mwili uwe wa merikani na nguo ziwe za felti: koti, kofia, viatu, begi la shule. Hazihitaji pindo, na ikipotea moja utakata nyingine kwa dakika kumi. Huu ndio mchanganyiko ninaourudia kuliko wote.

Kama ni kumbukumbu ya mtu aliyeaga, tumia nguo yake, hata ikiwa imechakaa. Ikiwa nyembamba, shona kipande cha merikani nyuma yake kwanza ili isichanike unapogeuza.

Kama ni mtu mzima atakayemweka mahali amtazame, felti inakupa uhuru wote, maana hataingia kwenye beseni. Na shangazi anayeshona mpe tembo wa kuchomekea pini. Margarete Steiff, mshonaji Mjerumani aliyepata polio utotoni, alishona vitembo vya felti vya kazi hiyohiyo karibu mwaka 1880 na kuvigawa kwa jamaa na marafiki. Watoto wakavinyakua wakaanza kuvichezea, na kampuni ya wanasesere yenye jina lake ikaanzia hapo. Tembo wako asizidi kiganja. Mjaze pamba mpaka mgongo uwe mgumu, la sivyo pini zitalala, na miguu iwe mifupi na minene ili asimame peke yake kando ya cherehani. Kama nyumbani kwa shangazi kuna wajukuu wadogo, pini zifuate tembo akiwa tayari kwenye rafu ya juu.